Fungate ya Shemeji

Ukishakwenda Unguja mara mbili tatu, ukoo mzima unakugeuza ofisi ya utalii. Sasa ni zamu ya shemeji, anayeoa mwezi ujao. Anataka nimpangie fungate yenye "maji ya buluu kama ya kwenye picha". Nauli yangu haimo kwenye bajeti, ushauri wangu tu ndio umo. Haya, shemeji, soma.

Boti kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Kusi ikivuma, Juni hadi Agosti, wahudumu hupita wakigawa vimfuko kwa ukarimu ambao hutauona tena safari nzima. Pokea. Usilete uanaume. Jamaa wa kiti cha mbele, aliyejaza supu na chapati tatu bandarini, atakuwa ameshaanza kutumia chake kabla hamjafika katikati.

Ukishuka Malindi, papasi watakulaki. Ukivaa hiyo kofia yako ya majani watakusalimu kwa Kiitaliano, na bei nayo itakuwa ya Kiitaliano. Jibu "Alhamdulillahi, njema" halafu endelea kutembea. Jioni Forodhani, watazame vijana wanaokimbia na kujirusha baharini kwa mbwembwe. Hiyo ni bure. Urojo kautafute uchochoroni, kwa mama mwenye sufuria moja na foleni ndefu: bhajia, kachori, viazi, chatne ya nazi, na chipsi za muhogo juu yake. Kobe wa Changuu, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, nenda ukawasalimie. Ni wakazi pekee wa visiwa vile wasiokuuzia kitu.

Sasa hilo la buluu, maana ndipo ninapopandwa na hasira. Watu wanalipa pesa nyingi kwenda Paje bila kuuliza maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, ifikapo saa nne asubuhi bahari imeshaondoka. Unabaki mchanga, vidimbwi, na safu za vijiti vilivyofungwa kamba za mwani. Nilimwona bwana mmoja kasimama pale, taulo begani, simu mkononi, anatafuta pembe ya kupigia picha. Mama mmoja aliyekuwa akifunga mwani, maji hayajamfika magotini, akainua kichwa: "Mwanangu, waenda koga wapi? Bahari ile kule." Akaonyesha povu jeupe mwambani, mbali kabisa. "Njoo alasiri." Kisha akarudi kwenye kamba zake. Akina mama wa pwani ile wanalima mwani tangu 1989. Kwao bahari ikitoka ndiyo saa ya kuingia kazini.

Hoteli moja, sitaitaja, ilinibandikia mlangoni saa za kifungua kinywa, saa za muziki na saa ya mwisho ya kurudisha taulo. Saa za maji kujaa, hakuna! Mlinzi wao naye alinizuia getini akitaka kujua nimeleta mzigo wa nani, huku Mzungu mwenye bukta akipita hata salamu hakutoa. Kwa hiyo shemeji, chapisha risiti ya chumba, uishike mkononi.

Kama lazima uoge asubuhi, nenda Nungwi au Kendwa, kaskazini. Huko maji yakipwa hayakimbii mbali. Daladala la 116 linafika Nungwi. Litakuchelewesha, utabanwa na ndoo ya samaki, lakini nauli yake haitakutoa machozi. Ukirudi mjini, mwambie bibi harusi ajitande kanga. Mji Mkongwe ni mtaa wa watu, wanasali na kulea watoto pale.

Mwisho, tarehe. Januari na Februari ni kaskazi, boti inatulia, jua kali. Aprili ni masika. Ukienda Aprili kwa sababu hoteli zimeshusha bei, usinipigie simu kuniuliza mvua itakatika lini.