Koili ya Shemeji

Farthing, yaani sarafu ya robo peni, ya Mfalme Edward I wa England ina upana wa milimita 10 au 11 na uzito usiofika nusu gramu. Ukiidondosha kwenye zulia la sebuleni, mchana kweupe na taa zimewashwa, utapiga magoti mpaka alasiri na huenda usiione. Sasa mtu aidondoshe shambani Norfolk, mashariki mwa Uingereza, mwishoni mwa karne ya 13. Plau zipite juu yake msimu baada ya msimu kwa miaka 700. Halafu uje wewe, mtoto wa Muheza kule Tanzania, umevaa gambuti na hedifoni, umeshika fimbo inayolia piii, umuage mkeo kwamba unakwenda kuitafuta. Wangu siku hizi haniulizi kitu. Ananifungia chapati kwenye foili na kuniambia nirudi kabla giza halijaingia.

Tunaocheza mchezo huu wa kusaka sarafu kwa ditekta huku hatuna shida na mahali pa kutafuta, maana England imedondosha sarafu kila pembe. Mpaka mwaka 1662 sarafu nyingi za nchi hii zilifuliwa kwa nyundo, moja moja, juu ya bamba jembamba la fedha. Peni nzima ilikuwa na gramu moja na nusu kasoro kidogo. Na kabla Edward hajatoa farthing ya mviringo mwaka 1279, mtu aliyetaka chenji aliikata peni ile vipande viwili au vinne, akalipa robo, akaenda zake. Vipande hivyo ndivyo vinavyotutoa jasho. Vyembamba, vyepesi, na daima vimelala jirani na msumari.

Kwa hiyo swali zima la ditekta kwa mtafuta sarafu ndogo ni koili. Kwa asiyeijua, koili ni kile kitu bapa cha mviringo kilicho chini ya fimbo. Ndani yake mna nyaya zilizozungushwa: mzunguko mmoja unapeleka usumaku ardhini, mwingine unasikiliza majibu. Chuma kikipitiwa na usumaku ule hujibu, shaba hujibu, fedha hujibu, na mashine inakugeuzia majibu hayo kuwa mlio na namba. Koili kubwa husikia mbali zaidi kwenda chini. Watu wakishafika kwenye sentensi hiyo huacha kusikiliza, wanatoa pochi.

Wangevumilia dakika moja wangesikia yaliyobaki. Koili kubwa husikia vyote kwa pamoja: udongo wenye madini ya chuma, misumari mitatu, risasi ya bunduki ya kuwindia kwale, kipande cha kopo la soda lililosagwa na mashine ya majani. Vyote vinajibu kwa sauti moja, na sarafu ya nusu gramu iliyo katikati yao haipati nafasi ya kusema. Koili ndogo, tuseme ya inchi 6, haifiki chini sana, lakini inatembea kati ya msumari na msumari na kumsikiliza kila mmoja kwa zamu yake. Tena inapita baina ya visiki vya mabua ya ngano baada ya mavuno, mahali ambapo koili kubwa inakwama na kugongagonga, na kila kugonga ni mlio wa uongo masikioni mwako.

Hayo nilifundishwa na mzee jirani yangu, fundi bomba mstaafu, mtu wa maneno machache, mwenye koili ndogo iliyochakaa hadi maandishi yamefutika. Mashine yangu ilikuja na koili ya inchi 11, ambayo inakubalika pande zote. Nilikuwa nataka tu kuongeza ndogo. Habari hizo zikamfikia shemeji yangu wa Birmingham, ambaye huendesha malori, na shemeji hapendi kuona mume wa dada yake anahangaika.

Alifika Jumamosi na boksi.

“Shemeji, sikukuuliza kitu,” alisema. “Nimeingia dukani nikawaambia: ipi kubwa kuliko zote? Basi hiyohiyo.”

Ilikuwa ya inchi 15. Sentimita 38. Nilipoifunga kwenye fimbo na kuipitisha jikoni, mke wangu aligeuka kutoka kwenye jiko akauliza sinia la pilau ninalipeleka wapi.

Ungefanya nini? Mtu ametoa pesa yake na kuendesha masaa, amesimama sebuleni anatabasamu. Kwetu sisi zawadi ndogo ni kutafuta ugomvi, na kumwambia mtu kwamba zawadi yake ni kubwa mno ni matusi ambayo hata msamiati wake hatujautunga. Nikasema ahsante sana shemeji. Naye akasema kesho tunakwenda wote, anataka kuona inavyofanya kazi.

Kesho yake tulikuwa watatu shambani, mimi, shemeji na mzee. Mwenye shamba tulishamwomba ruhusa, maana huku bila ruhusa yake wewe ni mwizi tu hata kama umevaa hedifoni. Nikaanza kuizungusha. Koili ya inchi 15 mkononi kwa dakika tano haina neno. Kwa nusu saa, bega linaanza kukuuliza kosa lake nini.

Mlio wa kwanza ulikuwa mkubwa, wazi, wa kurudia. Shemeji aliyekuwa ubavuni pangu kama msimamizi wa ujenzi akaruka: “Hapo! Chimba hapo!” Nikachimba. Hamna kitu. Nikapitisha tena, mlio umesogea hatua moja kushoto. Nikachimba kushoto. Hamna. Mlio ukarudi kulia.

Shemeji akashusha sauti. “Hii mali ina mwenyewe,” akasema. “Inahama.” Akaanza kusoma dua chini kwa chini, huku akirudi nyuma taratibu. Na kweli, alivyorudi nyuma ndivyo mlio ulivyofifia.

Mzee, ambaye dua haijui lakini vyuma amevizoea kwa miaka mingi, alikuja na sepetu lake, akaligusisha kwenye kiatu cha shemeji. Tang! Buti za kazini, zenye chuma mbele cha kukinga vidole. Koili ndogo isingefika miguuni mwake. Yangu ilikuwa inamsikia tangu alipokuwa bado anafunga geti.

Tukamhamishia shemeji mbali kidogo, pembezoni, karibu na waya wa malisho. Mlio uliofuata ukawa wa kweli. Nilichimba hadi kiwiko, kisha hadi kwapa, shemeji akipiga kelele za kutia moyo kutoka huko aliko, mpaka nikaibuka na kipande cha jembe la plau kilicholiwa na kutu, kizito, kisichofaa hata kumtupia mbwa. Hapo koili kubwa ilikuwa sahihi kabisa. Kitu kikubwa, kirefu chini, ikakisikia. Ndiyo kazi iliyoumbiwa. Nikafukia shimo vizuri, kama adabu inavyotaka, na kufukia shimo la kina hicho ni kazi kuliko kulichimba.

Wakati huo madume wachanga wa ng’ombe waliokuwa ng’ambo ya waya walishaona jambo. Ng’ombe wa umri ule hawana shughuli. Wakiona mtu amesimama, watakuja kumkagua kundi zima. Walikuja. Mmoja akapitisha shingo juu ya waya akavuta mfuko uliokuwa begani kwa shemeji, ule wenye chapati, na chapati ya juu ambayo ilishafunguliwa ikaenda. Shemeji akapanda geti, na buti zake. Kutoka kule juu aliniita kwa jina langu la ubatizo wa utani, ambalo nilidhani amelisahau. Kipande cha foili kilichopeperuka tulikiokota baadaye, kwa msaada wa mashine, mara mbili. Foili hulia vizuri sana.

Mzee katika hayo yote hakuinua kichwa. Alikuwa anapita palepale nilipopita mimi, pole pole, koili imelala sambamba na ardhi, sentimita chache tu juu ya udongo. Akasimama. Akapitisha upande mmoja, akageuka akapitisha kwa kukata msalaba. Alisikia mlio mkavu wa msumari na, ubavuni mwake, mlio mwingine mwembamba unaokuja na kukatika. Mimi nilipewa hedifoni nisikilize na bado niliukosa mara ya kwanza. Akakata kipande cha udongo, akakivunja kwa vidole, akanionyesha kiganjani.

Robo ya peni. Kingo mbili zilizonyooka zilipokatwa, ukingo wa tatu umepinda. Upande mmoja vilibaki vikunjo vya nywele za mfalme upande wa sikio. Upande wa pili, vidoti vitatu vilivyovimba, na kandokando ya mkato mstari wa msalaba mrefu, ule ulioanzishwa na Henry III mwaka 1247, ukifika hadi ukingoni ili mtu asimege sarafu bila kuonekana. Mkataji alifuata msalaba huo kwa uangalifu. Nilipoigeuza kwa ukucha iliinama kidogo nikaogopa kupumua.

Shemeji alishuka getini akaja kutazama. “Ndiyo hii?” Kimya. “Na robo tatu iko wapi?”

Jioni simu ikalia kutoka Muheza, maana mke wangu ameshasambaza habari. Nikapokea: “Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mpwa wangu. Nasikia una koili ya inchi 15. Hiyo ndiyo ya kwetu. Ije.”

Mjomba wangu ana yakini kwamba Mjerumani aliacha masanduku chini ya mwembe fulani. Nami simbishii kwamba Mjerumani alikuwa na dhahabu. Sarafu za rupia 15 zenye tembo zilifuliwa Tabora mwaka 1916, vita ikiwa imewabana. Tena kwa sanduku zima, koili ya inchi 15 ndiyo yenyewe. Nilichomwambia ni kwamba Tanzania ina sheria ya mambo ya kale tangu 1964, na huwezi kuchimba vitu hivyo bila leseni. Hata zile sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za Mtambwe Mkuu, Pemba, zilizopatikana 1984, ziko mikononi mwa wataalamu na si za mtu na mjomba wake.

“Sheria hiyo,” alinijibu mjomba, “imemkuta Mjerumani ameshazika.”

Naye shemeji hajakata tamaa. Amesoma kwenye simu habari za Eric Lawes, aliyekwenda shambani Hoxne, Suffolk, mwaka 1992 na kuibuka na sarafu za Kirumi karibu 15,000, za dhahabu na fedha. Ananitumia picha zake kila wiki kama ushahidi dhidi ya mzee. Sehemu anayoiruka ni kwamba Lawes alikwenda kumtafutia rafiki yake nyundo iliyopotea. Nyundo yenyewe ilipatikana pia, na ipo British Museum. Kwa nyundo hata mimi ningechukua koili kubwa.

Basi wewe unayetaka kuanza, sikiliza. Inchi 11 kwa shamba la wazi. Inchi 6 au ile ya mviringo mrefu ya 9 kwa 5 pale penye misumari, karibu na nyumba za kale na njia panda, kwa sababu watu walidondosha chenji pale walipofungua pochi. Pita pole pole, pishanisha mapito. Huku England ukipata sarafu mbili au zaidi za fedha pamoja, zenye zaidi ya miaka 300, una siku 14 kumwarifu koronera, ofisa wa sheria anayeshughulikia hazina.

Na kama kuna anayetafuta plau, nyundo au sanduku la Mjerumani mwenye leseni yake mkononi, nina koili ya inchi 15, haina mkwaruzo, bei tutaelewana. Naomba tu shemeji asijue.