Jiko Jipya la Umeme na Namna ya Kuligombanisha na Nyumba

Hongera. Jiko limeshushwa kutoka kwenye kirikuu, pleti nne na oveni chini yake, na majirani wote wameliona. Kijitabu cha maelekezo kitupe pamoja na boksi. Kimejaa maonyo, na wewe si mtoto.

Fundi mwenye leseni ya EWURA usimwite. Huyo atakuja na mita yake aanze kukuhoji: waya wa ukutani una unene gani, breka ni ya ampea ngapi, jiko linakula wati ngapi. Mpaka amalize, wageni wamelala njaa. Mwite yule kijana aliyekufungia dishi. Atakuja na testa na solotepu, ataubana waya mnene wa jiko kwenye plagi ya pini tatu, kisha atauchomeka kwenye soketi ya friji.

Wapenda ubishi wape hesabu hii. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13, ambazo kwa volti 230 hazifiki hata wati 3,000. Jiko la aina hiyo, pleti zote na oveni zikiwaka, huweza kudai wati 8,000 au zaidi. Ndiyo maana mafundi hulivutia waya wake peke yake kutoka kwenye breka yake, kwa kawaida wa milimita 6 za mraba au mnene zaidi. Wewe una ekstensheni.

Breka ikikata, irudishe. Ikikata tena, irudishe kwa hasira. Ikizidi ukaidi, weka yenye ampea kubwa na waya uuache ulivyo. Breka itatulia, na moto utahamia kwenye waya ndani ya ukuta, usikouona. Harufu ya plastiki isikutishe, sema ni upya wa jiko. Na kweli oveni mpya hutoa harufu na moshi kidogo siku ya kwanza, jambo linalomsaidia sana mtu kujidanganya.

Kuna nyumba zenye ile swichi inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini. Oveni iliyokaa sana ghalani, hasa huku pwani, koili zake huweza kunyonya unyevu. Ukiiwasha tu, swichi inaruka. Fundi angepima ajue kama ni unyevu au ni waya uliochubuka. Wewe chomoa waya wa ethi, ule wa kijani na njano. Swichi itaacha kelele, na bati la jiko litabaki linamsubiri mwenye mikono ya maji. Mpishi akilalamika kwamba jiko linamtekenya, mwambie avae kandambili.

Taa ya oveni inawaka lakini joto hakuna? Nenda dukani ukagombane. Oveni nyingi zenye saa ya kidijitali hazipashi mpaka saa irekebishwe, ila hayo yalikuwa kwenye kijitabu. Jioni, volti zikishuka hadi 180, pleti hubaki na kama asilimia 60 ya nguvu yake; mlaumu mpishi kwa wali mbichi. Yuniti za LUKU zikiisha mapema, mlaumu mpangaji.

Na wewe unayesoma haya huku unanusa kitu jikoni, acha kusoma. Zima meni swichi, usimwage maji, kisha mpigie fundi mwenye leseni.