Kuku wa Shangazi na Ile Namba 18

Wanafunzi wa chama chetu cha filamu hawakutaka tuzo wala kamera mpya. Walitaka 18. Walitaka namba hiyo ikae pembeni mwa bango, iwatie wivu wa kidato cha kwanza na kuwavuta wa shule jirani. Filamu yenyewe inaitwa Kuku wa Shangazi. Ni ya dakika 12 pamoja na majina ya mwisho, nayo majina ni marefu kwa sababu kila aliyeshika waya alidai atajwe.

"Mwalimu, GE ni ya katuni," aliniambia mwongozaji. "18 ndiyo inauza."

Nikamuuliza umri wake. Miaka 16. Na aliyeigiza Shangazi? Miaka 15. Kwa hesabu hiyo, tukipata 18, Shangazi atabaki nje ya ukumbi, mwongozaji atabaki naye, na mpiga picha, na mwizi wa kuku. Ndani tutakaa mimi, mlinzi na mama wa jikoni, tukitazamana.

Kenya ina madaraja manne. GE ni ya kila mtu; PG, mtoto atazame akiwa na mzazi wa kumwongoza; kisha 16, na 18. Anayeyatoa ni Bodi ya Uainishaji Filamu, ile KFCB, kwa mamlaka ya sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, na bodi hiyo haina mzaha. Mwaka 2014 iliipiga marufuku The Wolf of Wall Street. Mwaka 2018 ikaizuia Rafiki ya Wanuri Kahiu, hadi mahakama ilipoifungulia mlango kwa siku 7 tu ili iweze kushindania nafasi ya Oscar, na watu wakafurika kumbini. Wanafunzi wangu wanakijua kisa hicho kuliko wanavyozijua ngeli za Kiswahili, na funzo walilotoka nalo ni kwamba kukatazwa kunalipa.

Nikasema basi, tujipime wenyewe kabla hatujapimwa. Jioni baada ya michezo tukajifungia darasani na kompyuta moja, kila mtu na dhambi yake ya kuitafuta: huyu vurugu, yule uchi, huyu matusi, yule vileo na dawa za kulevya.

Wa vurugu alifaulu upesi. Shangazi anamfumania mwizi na kumcharaza kwa mwiko. Mwiko haukumgusa, ila mhariri alipachika sauti ya mlango wa gari unaobamizwa, kwa hiyo kila pigo lasikika kama mbavu mbili zimekwenda. "Hiyo ni 16 tayari," alisema, akisugua mikono.

Uchi haukuwa kwenye mswada. Lakini Shangazi anapolia kisimani, machozi ya kitunguu yakimtiririka, nyuma yake mzee wa jirani anatoka bafuni amejifunga leso ya mkewe kiunoni, ndoo mkononi, mswaki mdomoni. Anasimama. Anaitazama kamera. Anaendelea kupiga mswaki. Siku ya kurekodi hakuna aliyemwona, wote walikuwa wakisifu kilio. Mhariri akasema si taabu, atamfunika kwa ukungu kuanzia kifuani hadi magotini. Alipomaliza tukatazama tena, na darasa likanyamaza. Mzee mwenye leso ni mzee aliyetoka kuoga. Mzee mwenye ukungu ni kesi. Ukungu ukaondolewa.

Matusi nayo hayakuandikwa na mtu. Shangazi na mwizi wanapopatana, matatu inapita nje ya ua na makanga anamweleza dereva wa tuktuk habari za mama yake, kwa sauti safi kuliko ya waigizaji wetu wote. Nikawaeleza kwamba huko Marekani tusi moja zito laweza kupita katika PG-13, lakini yakizidi filamu kwa kawaida hupanda hadi R. Ndiyo yaliyoipata The King's Speech ya mwaka 2010: mfalme mwenye kigugumizi anatukana mfululizo kwa maelekezo ya mtaalamu wake, Marekani ikampa R, Uingereza ikampa 12A.

"Basi na makanga wetu yuko kwenye matibabu," akasema mwongozaji.

Zamu ya dawa ndiyo iliyotuchelewesha. Baba wa mwizi amekaa kibarazani, shavu limevimba, anatafuna miraa. Kwetu hilo ni zao la shambani, na Meru kuna watoto wengi waliosomeshwa kwa majani hayo. Vuka mpaka pale Horohoro, shavu lilelile ni kosa la jinai, maana Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya. Uingereza nayo iliipiga marufuku mwaka 2014. Mwanafunzi mmoja akauliza kama ni miraa au ni muguka, kwa sababu muguka gavana wa Mombasa aliupiga marufuku Mei 2024. Tukamwita mwigizaji ajieleze. Kumbe alikuwa akitafuna mwarobaini. Ule uso wa uchungu tuliousifia kuwa ndio uigizaji bora wa filamu nzima haukuwa uigizaji.

Mwalimu mkuu alitaka GE, kwa sababu siku ya wazazi watoto wa chekechea wangekuwepo, na kilichomtisha ni kuku kuchinjwa. Tukamhakikishia kuwa kuku hachinjwi. Picha inakatika, linafuata sinia la pilau. Kuku alirudishwa kwa mwenyewe, ambaye hadi leo anatudai akisema amerudi mwembamba.

Tukakubaliana kupendekeza PG, wanafunzi wakinuna. Sauti ya mlango wa gari imepunguzwa, makanga amezibwa na tarumbeta, mzee ameachwa kama alivyo. Nawe mzazi utakayekuja, herufi hizo mbili ni kazi yako, si ya mtoto. Usitoke nje kupokea simu. Keti naye, na akikuuliza yule babu anafanya nini nyuma ya Shangazi, mwambie ametoka kuoga.