Sifa za Mtobolewa

Wengine na wasifu dhahabu ya Geita na tanzanaiti ya Mererani. Mimi niko hapa Wazo, upande vumbi la kiwanda cha saruji linakokwenda kupumzika, nimekaa kwenye kigoda na kopo la Kimbo katikati ya miguu, na ninayetaka kumsifu ni senti. Ni ile ya shaba ya Mwingereza, yenye tundu katikati, urithi wangu kutoka kwa bibi mzaa baba pamoja na cherehani isiyoshona. Senti kumi na senti tano, zimetungwa kwa kamba ya katani kama samaki wa Kunduchi, kila mtungo umeviringishwa gazeti. Mitungo kumi na mmoja. Kopo siliinui kwa mkono mmoja.

Kwanza, uaminifu. Mshahara wangu unaingia tarehe 28, tarehe 5 umeshaaga. Hawa watobolewa wamekaa nasi tangu kabla ya uhuru na hakuna hata mmoja aliyewahi kuaga. Shemeji yangu ameshakopa kila kinachokopeka humu ndani, majembe mawili yakiwemo, lakini kopo halijawahi kumjia akilini. Mwizi aliyeingia mwaka juzi alibeba redio, mtungi wa gesi na kandambili zangu. Kopo alilifungua, maana kifuniko tulikikuta sebuleni, akaliacha. Nitajie akaunti yenye ulinzi huo. Hata benki nilijaribu: dada wa dirishani alimshika mmoja kwa ncha za kucha, akanichungulia kupitia tundu, kisha akanirudishia kwa adabu kama mtu anayekurudishia jino lako lililodondoka.

Tena ni mwalimu. Ukitaka kumthamini, mtoe kwenye kamba, msogeze kwenye jua la saa nne, vaa miwani. Pembe mbili za ndovu zimelikumbatia tundu. Soma mwaka, soma jina la mfalme, halafu tafuta herufi ndogo inayojificha. H ni Heaton wa Birmingham, KN ni King's Norton, I ni Bombay, SA ni Pretoria, kwani Vita vya Pili vilipokolea hata senti ya kununulia kitumbua ilibidi ifuliwe mbali na mabomu ya Ulaya. Kwenye senti za mwanzo za George wa Sita, mfalme anajitaja pia kuwa Kaizari wa India. India ikajitawala 1947, na kwenye senti za baadaye cheo hicho kimefutika kimyakimya. Mtu kapoteza dola nzima, na taarifa ikatufikia kupitia chenji.

Ila kipenzi changu ni Edward wa Nane. Alishika ufalme Januari 1936, Desemba akaubwaga kwa ajili ya mwanamke, hata taji hajavishwa. Kwao Uingereza hawakuwahi kulipia kitu kwa sarafu yake. Sisi tulilipia, maana senti zetu hazikuwa na sura ya mfalme bali jina tu, na jina halihitaji kukaa mbele ya mchongaji. Ninaye mara ishirini na tatu. Nilipoligundua hilo nilikosa usingizi usiku kucha nikipanga ghorofa Mivumoni. Asubuhi nikaambiwa na mjuzi mmoja kwamba alifuliwa kwa mamilioni, na aliyechakaa kama wangu hafiki bei ya chipsi mayai. Bado namheshimu. Ni wangapi wamekupa ghorofa, hata kwa usiku mmoja?

Kuhusu hali yake, kadiri anavyoonekana mchafu ndivyo wajuzi wanavyompenda. Weusi wa miaka ni vazi lake la heshima, ila kutu ya kijani ni ugonjwa. Kijana wangu, kwa moyo mweupe, alisugua mtungo mzima kwa ndimu na jivu mpaka ukang'aa kama sufuria za bi harusi. Yule mjuzi alipouona aliomba maji ya kunywa.

Akaja mwingine, mtu wa rupia. Mnawajua: husema rupia halisi ya Mjerumani huvuta mchele, na kwamba kuna tajiri mahali anaisubiri na mamilioni. Nikamwambia hizi ni za Mwingereza. Akasema tujaribu tu. Akamwaga konzi ya mchele sakafuni, akamweka mtobolewa pembeni, tukanyamaza. Mchele haukusogea. Waliosogea ni kuku wa jirani. Lakini simcheki sana, kwa sababu sote Waswahili tunamfukuzia Mjerumani huyohuyo kila siku: hela ni sarafu yake, aliyoianzisha 1904, mia moja kwa rupia moja. Mtu akikwambia hana hela ana haki, zilikoma na utawala wake kwenye Vita vya Kwanza.

Watobolewa wangu walistaafu kwa utulivu zaidi. Mwaka 1966 Benki Kuu ilifungua milango na kutoa sarafu zetu wenyewe, mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye thumuni, na mwaka huohuo kiwanda hapa kilimani kikaanza kutoa saruji. Saruji ilipanda bei. Wao hawakupanda wala kushuka, jambo ambalo waziri yeyote wa fedha angeliota kwa furaha.

Wathamini wote hao walitazama pembeni mwa sarafu: mwaka, jina, herufi. Wiki iliyopita fundi aliyekuja kuziba paa alipita karibu na kigoda, akasimama.

"Bosi, hizi unazifanyia nini?"

"Nazithamini."

Akachukua moja, akaingiza msumari wa bati kwenye tundu, kofia ikakaa sawasawa juu yake. "Nyumbani kwetu zamani ndizo zilikuwa washa," akasema. "Hii haiozi. Nipe thelathini, nikupunguzie elfu tano kwenye ufundi."

Ndiyo bei ya juu kabisa niliyowahi kutajiwa. Nilimhesabia Edward wote ishirini na watatu, nikajazia na George. Juzi mvua ilipiga usiku kucha. Kwa Edward pakavu. Kwa George panadondoka kidogo, nimetega kopo.