Mto Rhine kwa Basi

Mkitaka kujua undugu wenu una nguvu gani, msingoje mirathi. Pandeni pamoja meli ya kitalii ya Mto Rhine, Basel hadi Amsterdam, juma zima. Kwenye meli kubwa za baharini, mtu akinuniwa na wifi yake ana pa kujificha. Hizi za mtoni nyingi zina upana wa mita 11 na kidogo, ili zipenye malango ya maji ya mita 12 kwenye Mto Main na mfereji wa kwenda Danube. Wifi yupo asubuhi kwenye mayai, yupo jioni kwenye supu.

Tangazo limeahidi chumba chenye mandhari. Halikusema kwamba gatini meli hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili hata tatu. Unavuta pazia ulione kanisa kuu la Cologne, unamwona mzee wa meli jirani akitafuta soksi. Mnapungiana mikono, mtafanyaje?

Na mto nao una yake. Oktoba 2018 kipimo cha maji ya Rhine katika mji wa Kaub, Ujerumani, kilishuka hadi sentimita 25. Mwaka 2022 ukame ukarudi. Maji yakipungua hivyo, abiria hupakiwa kwenye mabasi wakatazame ngome kupitia kioo, na meli iliyokwama hugeuka hoteli. Kampuni huita hayo marekebisho ya ratiba. Nauli mara nyingi hairekebishwi.

Basi kabla ya kulipa, soma yale maandishi madogo ya mkataba, kisha chagua mapema utakayeketi naye kwenye basi.