Bastola ya Kwapani

Tangu Septemba 2021, mkazi wa Texas aliyetimiza miaka 21, na asiyekatazwa na sheria, hahitaji kibali kubeba bastola. Kibali kimeondoka, joto limebaki. Agosti ya huko mtu hutamani avue hata ngozi, lakini bwana mkubwa kajipachika fulana ya kubana yenye mfuko kwapani, na shati juu yake, ili chuma kisionekane. Adui akitokea je? Aombwe radhi, asubiri vifungo vifunguliwe. Mafundi nao hawajalala: wanauza mashati yenye vifungo vya urembo tu, ukivuta yanaachia. Jasho, hilo atajua mwenyewe. Jumapili shangazi anamkumbatia mlangoni mwa kanisa, anashtuka: “Mwanangu, hili jipu lilianza lini?”