Prosesa ya Mama Mkwe

Wewe ndugu yangu uliyeoa Bungoma huhitaji kuelezwa. Agosti ya mwaka wa shufwa Wabukusu hutahiri, na mkwe mwenye kamera hana likizo. Mwaka 2024 nilirekodi yote: vijana wakipiga kengele za chinyimba, nyimbo za usiku kucha, matope ya alfajiri mtoni. Nikarudi Kitale kupitia Webuye na Kamukuywa na agizo moja: Mama Mkwe, ambaye kimoyomoyo namwita Spika, anataka kuiona video hiyo kwenye runinga yake. Kwa heshima zetu hanikabili ana kwa ana. Malalamiko hupitia kwa mke wangu, Waziri wa Fedha, naye huyatia chumvi njiani.

Kompyuta yetu ya kuibana video hiyo ni ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, iliyokuja na prosesa ya Core i3-2100, toleo la 2011. Video ina picha 25 kila sekunde, yaani saa moja ni picha 90,000. Kila picha hukatwa vipande, na nyingi hulinganishwa na zilizotangulia, ikahifadhiwa tofauti tu. Ndivyo faili linavyopungua, na ndipo prosesa inapoumia. Yetu ilikuwa na viini 2 tu. Unaianzisha baada ya chapati za jioni, asubuhi bado inahesabu, halafu mtu anachomoa plagi achaji simu. Mtu huyo ni Shemeji Injinia, aliyekuja kututembelea wakati wa kupalilia mahindi na bado yupo.

Lakini ni yeye aliyetuokoa na gharama ya mashine mpya. Alijua kwamba soketi yetu ya 1155, pale prosesa inapokaa, inapokea pia Core i7-2600 yenye viini 4, na programu kama x264 hugawia vyote kazi. Waziri alikataa kuinunua hadi tulipouza mahindi na kutenga pesa za mbolea. Hapo namuunga mkono kabisa: hapa kwetu Trans Nzoia prosesa haitangulii mbolea.

Siku ya kuifunga, grisi yake ya kupitisha joto haikuonekana. Profesa, kitindamimba wetu, alikuwa ameimalizia kwenye mnyororo wa baiskeli, na kwa kweli baiskeli iliacha kulia. Injinia akafunga hivyo hivyo. Sasa i7-2600 imepimwa kwa wati 95, ile ya zamani 65. Bila grisi joto halipiti vizuri kwenda kwenye kipoozeo, na prosesa ikichemka hujipunguzia mwendo yenyewe. Ikawa nzito kuliko ile tuliyong'oa. Bungoma wakapiga simu. Tukanunua grisi nyingine, Waziri akalala nayo chini ya mto.

Tangu tuipake, muda wa kubana video umepungua kwa zaidi ya nusu. Spika alifurahi, akatuma kuku, na pamoja na kuku video za harusi na mazishi ya ukoo mzima. Kompyuta haijapumzika tangu hapo, na watoto wanadai zamu ya katuni.

Kama una ex-UK ya soketi 1155, usiitupe. Hakikisha ubao mama unaikubali prosesa unayonunua na kipoozeo kinaimudu, kisha nunua grisi mbili: moja ya prosesa, moja ya baiskeli.